Kisu Nilichokiweka Chini

Kosa langu la kwanza, lililozaa yote nitakayoyaeleza, ni kumwambia mtu ambaye hakuniuliza mimi kwamba baba yangu ana kisu.

Nimelikumbuka wiki iliyopita kwa jambo dogo tu. Nasoro, mwenzangu tunayekaa naye meza moja ofisini hapa Matrahi, jirani na Maskati, aliniomba nimchagulie kisu cha kukunja, chembamba, cha kutia mfukoni kila siku. "Wewe ndo fundi wa kuchagua," aliniambia. "Mie nikenda peke yangu ntarudi na shoka." Nikacheka, nikakubali. Nilipofika sokoni, muuzaji alitaka kunionyesha ukali wa visu vyake, akachukua chungwa akaanza kulimenya mbele yangu. Harufu ya ganda ikanijia usoni. Nilimwambia narudi, nikatoka nje nikasimama juani mpaka nikaweza kuvuta pumzi vizuri.

Nina miaka ishirini. Wenzangu wa rika langu, tuliokuja huku kwa meli zile, watanielewa nikisema kwamba utoto wetu umekatika vipande viwili, na kila kipande kina harufu yake. Kile cha Unguja, kwangu mimi, kinanukia ganda la chungwa.

Baada ya sala ya alasiri Baba alikuwa akikaa barazani na kikapu cha machungwa. Alitoa kisu chake kwenye mfuko wa kanzu, kisu chembamba kuliko rula yangu ya shule, mpini wake wa pembe umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kikiwa mfukoni hukijui kama kipo. Alikifungua kwa ukucha wa gumba, bila sauti, akaanza kumenya kutoka juu, akilizungusha chungwa taratibu, na ganda likateremka refu, jembamba, bila kukatika hata mara moja. Dada yangu mdogo, Zuwena, alilivaa shingoni kama mkufu. Kisha Baba alikata kifuniko kidogo juu ya chungwa, akatupa tufyonze. Mimi sikuwa naangalia chungwa. Nilikuwa naangalia ganda, nikiomba moyoni lisikatike, na kila siku halikukatika.

Akitaka kunipa kisu nikakioshe, alikiweka juu ya mkeka, nami nikakiokota. Kwetu mtu hapewi kisu mkononi. Bibi yangu alitufundisha kwamba watu wakipokezana kisu mkono kwa mkono, watateta, kisha wataachana. Mimi nilikuwa mtoto wa kushika kila nililoambiwa. Madaftari yangu hayakuwa na mahali palipofutwa. Nikikosea herufi moja, nilichana ukurasa mzima nikaandika upya.

Yalipotokea yale mapinduzi ya Unguja, Baba alichukuliwa akakaa ndani wiki kadhaa. Alirudi amekonda, hasemi, akawa analala mchana kutwa. Mama alimpelekea chakula chumbani, nasi tuliambiwa tusimsumbue, mgonjwa. Hakupata nafuu yoyote ya kuonekana, mara tukawa tumo bandarini na mabunda yetu, tunapekuliwa.

Mtu aliyetupekua alikuwa kijana. Alitazama ndani ya masanduku, akakung'uta shuka, akamuuliza Baba, "Kuna kingine?" Baba akajibu, "Hakuna." Nami nilikuwa nimefundishwa kwamba mtu hasemi uongo. Nikasema kwa sauti safi, kama ninayemjibu mwalimu: "Baba ana kisu mfukoni."

Yule kijana alicheka. Alitia mkono kwenye mfuko wa kanzu ya Baba, akakitoa, akakifungua, akakifunga, akakitia mfukoni mwake. Mama alifumba macho. Baba aliniwekea mkono kichwani, ukatulia hapo kidogo, mzito. Ulikuwa mkono wa kushoto. Niliuhisi uzito wake, lakini sikujiuliza kwa nini wa kushoto.

Maskati tulipokelewa na ami yangu, Ami Humudi, aliyekuwa na shamba la mitende na ndimu kule Wattaya, bondeni, milima myeusi imelizunguka kila upande. Alitupa vyumba viwili karibu na kisima, akampa Baba kazi ya kusimamia zamu za maji ya kunyweshea shamba. Ami Humudi alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Siku zote alikuwa na jambia kiunoni, na hakuacha kumtania Baba: "Wallahi ndugu yangu, umekwenda Unguja na jambia, umerudi na kofia tu!" Baba alitabasamu, akaweka mkono wa kulia kifuani, akamwinamia. Alisalimia watu wote hivyo siku hizo, mkono kifuani, hampi mtu mkono. Watu wakasema ni mtu mnyenyekevu sana. Siku ya Idi Ami Humudi alimvalisha jambia la akiba, na Baba akatembea kutwa mkono wake umetulia juu ya mpini. Kila mtu alisema, sasa huyu mwanamme. Nami nilijivuna.

Lakini kulikuwa na jambo lililokuwa likinila. Baba hakula nasi tena. Kule kwetu tulikuwa tukizunguka sinia moja, yeye akitusogezea vipande vya samaki visivyo miba. Wattaya sinia letu lilikuwa la watoto peke yetu. Yeye alikula ndani na Mama, mlango umefungwa. Nilipouliza, Mama alisema, "Kula, usiulize." Nikapiga hesabu zangu za kitoto: zile wiki za ugonjwa sikuzihesabu, maana mgonjwa hula kitandani. Baada ya hapo ilikuwa bandari, na kisu. Kwa hiyo ni mimi. Baba hataki kutia mkono kwenye sinia moja na mtoto aliyemsaliti.

Basi nikaamua. Nitampatia kisu kingine, sawasawa na kile, na siku atakapokitia mfukoni, atarudi kwenye sinia.

Huko Wattaya hapakuwa na shule ya kutuchukua. Nilijisomesha mwenyewe kwa kitabu kimoja cha hesabu na kalamu ya wino niliyotuzwa shuleni Unguja. Kila baada ya siku chache Ami Humudi alipeleka matita ya majani ya mifugo Matrahi kwa punda, nami nilipanda juu ya matita. Sokoni kulikuwa na Mbaluchi mmoja muuza visu, kufuli na tochi, jina lake Murad. Alifanya kazi miaka mingi bandarini Mombasa, kwa hiyo Kiswahili alikijua, tena alikipenda.

"Mwana wa Zinjibari," alinikaribisha mara ya kwanza. "Unataka kisu cha kumkata nani?"

"Cha baba yangu. Chembamba. Cha mfukoni."

Alinimwagia visu kumi kwenye kitambaa. Nilikaa pale mpaka punda akapakuliwa. Nilifungua na kufunga kila kimoja sikioni, nisikie kama kinalia. Nilikiinua kwenye mwanga nione kama kuna mwanya kati ya bapa na mpini. Nilikitia mfukoni nikakaa, nikasimama, nikatembea, nione kama mfuko unavuta. Murad aliwaita majirani. "Njooni muone! Kadhi kaja, anahukumu visu!" Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimpa kalamu yangu ya wino, akaiangalia, akaacha kutania. "Hii nzuri kuliko kisu," alisema. "Basi sikiza, kadhi. Kama baba hakukipenda, kirudishe safi, ntakubadilishia."

Alasiri ile nilikiweka kisu juu ya mkeka mbele ya Baba, kama nilivyofundishwa. Alikitazama muda mrefu.

"Umekipata wapi?"

"Nimebadilishana na kalamu."

"Ile kalamu yako?" Akageuza uso. "Ahsante, mwanangu. Kiwache hapo."

Kikabaki pale. Kesho yake nilikikuta kwenye kidaka cha dirisha, si mfukoni mwake. Nikakipima kwa kidole, nikajua kosa liko wapi: kile cha Unguja kilikuwa chembamba zaidi. Siku ya punda nikakirudisha, nikachagua kingine, chembamba zaidi. Nikakiweka juu ya mkeka. "Kizuri sana," Baba alisema. "Kiwache hapo." Kikakaa kwenye kidaka siku nne. Usiku mmoja sikulala nikifikiri ni mpini. Mpini wake ulikuwa wa mbao, na cha Unguja kilikuwa cha pembe. Nikakirudisha hicho nacho.

Murad alikigeuzageuza. "Hiki nani kakitafuna?"

Nikaangalia. Kwenye mbao ya mpini kulikuwa na alama, mbili upande huu, mbili upande ule, zimezama.

"Panya," nilisema.

"Panya wa Wattaya wana meno makubwa mashaallah." Alinitazama kidogo, si kwa mzaha. "Kadhi, baba yako anasemaje lakini?"

"Anasema kizuri."

"Basi kizuri. Mwache nacho."

Lakini mimi sikuweza kumwacha. Nikamsihi, mpaka akaingia ndani akatoka na kisu kilichofungwa karatasi. Kilikuwa kile kile. Si kile chenyewe, lakini macho yangu hayakuona tofauti: mpini wa pembe rangi ya chai, bapa kama jani la mtende, wembamba wake ukikilaza kwenye kiganja unaweza kusahau kwamba unakishika. "Huu mwisho," Murad alisema. "Nikikuona tena ntafunga duka."

Siku ile Ami Humudi naye alinunua machungwa, yamekuja kwa meli, machache, ghali, na tuliporudi alikaa nasi barazani. Watoto wote tulikuwepo. Nikatandika mkeka vizuri, nikakilaza kisu mbele ya Baba, nikakinyoosha kiwe sawa na ukingo wa mkeka.

"Loo!" alisema Ami Humudi. "Huyu mtoto katufanya sote mafukara wa visu. Haya ndugu yangu, tumenyee machungwa ya Kiunguja. Tuone hilo ganda tunalosimuliwa!"

Zuwena alipiga makofi. Baba akatazama kisu. Akanyoosha mkono wa kulia. Vidole vikagusa mpini, vikaukwaruza, kisu kikateleza. Akakifuata. Kikateleza tena, mpaka kwenye ukingo wa mkeka. Alikuwa kama mtu anayeokota sindano gizani. Nami, Mungu anisamehe, nilidhani anacheza. Nilidhani anaonyesha mbele ya watu kwamba hataki hata kukishika.

"Hukitaki!" nilipiga kelele. "Sema tu kama hukitaki! Sema hunitaki mimi kwa sababu nilisema bandarini!"

Ami Humudi akaacha kucheka. Baba alirudisha mkono, akauingiza ndani ya mkono mwingine wa kanzu.

"Kizuri, mwanangu," alisema polepole. "Chembamba mno tu." Akainuka akaingia ndani.

Mama alinishika mkono akanipeleka kisimani, mbali na watu. Nilijua napigwa. Hakunipiga. Alikaa kwenye ukingo wa kisima akanikalisha.

"Nsikize. Babaako hana hasira na wewe. Mkono wake umekufa vidole."

"Umekufa vipi?"

"Kule alikowekwa walimfunga kamba za mikono, siku baada ya siku. Alipofunguliwa, gumba na hichi cha pili vikawa havisikii tena. Havishiki kitu. Akitia tonge linamwagika lote. Ndo mana nnamlisha mimi, na mlango nnaufunga. Hataki mumwone analishwa."

Nikauliza habari ya visu. Mama akafuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Kila alfajiri alikiokota kwa mkono wa kushoto, akaubana mpini kwa meno, akavuta bapa hivi, mpaka linafunguka. Mara ya kwanza alijikata mdomo. Alikuwa akijifundisha, baba. Alitaka siku moja akutolee kisu mbele yako, akufungulie. Lakini kila akianza kukizoea kimoja, wewe ushakichukua ushakwenda kukibadilisha."

Sijui nilikaa pale muda gani. Najua kwamba nilikuwa nimemletea mtu asiyeweza kubana kitu kwa vidole visu vyembamba kuliko vyote sokoni, na kila alipokishindwa nikamletea chembamba zaidi, na kila mara nikakilaza chini, bapa, juu ya mkeka, mahali ambapo mkono wake wa kulia hauwezi kukiokota. Ningekitia mkononi mwake tu, siku ya kwanza, kiganja kingekipokea.

Mngetarajia nikimbilie ndani nimwangukie. Sikwenda. Nilikuwa nayatunga maneno, na hayakuwa yakitimia. Nikiyapanga hivi yanamwaibisha, nikiyapanga vile yananitetea mimi. Niliyaandika hata kwenye daftari, nikachana, nikaandika tena. Siku zikapita. Baba alikuwa mpole kwangu kama kawaida, nami nilipita mbele yake nimeinamisha kichwa. Kisha zikaja habari kwamba Kuweti kuna kazi ya kulinda ghala, kazi isiyotaka vidole, na Baba akasema atakwenda.

Tulimsindikiza Matrahi asubuhi. Mashua ya kuwapeleka melini ilikuwa imeshajaa nusu. Baba alisimama ufukweni na bunda lake. Kisu kile cha tatu nilikuwa nacho mimi, nilikichukua kidakani siku ile kwa nia moja: kumtilia mkononi, kiganjani, na kumfumba vidole. Nilikuwa nimejizoeza njia nzima juu ya punda. Nikamfikia, nikamtazama, na pale pale nikamkumbuka bibi yangu. Watateta, kisha wataachana. Baba anapanda meli, nami nimpe kisu mkono kwa mkono? Nikaogopa. Nikainama nikakiweka juu ya bunda lake, chini, kwenye mchanga.

Alikitazama, kisha akanitazama mimi. Akajua kwamba najua.

"Bado waniwekea chini, baba?" alisema, na akatabasamu.

"Tusije tukaachana," nilisema.

Aliinama akakiokota kwa mkono wa kushoto, bila kuficha, mbele ya watu wote, akakitia mfukoni. Kisha wakamwita mashuani.

Hatukumwona tena. Alipatwa na homa hukohuko, akazikwa hukohuko. Mtu wa Barka aliyekuwa akilala naye chumba kimoja ndiye aliyetuletea vitu vyake: kanzu mbili, msahafu, na kisu. Mpini wa pembe ulikuwa umejaa alama za meno, mpaka umekuwa kama gunzi la hindi, na kati ya alama hizo pembe imesuguliwa ikang'aa. Bapa limenolewa mara nyingi, limebaki jembamba zaidi ya nilivyomchagulia.

"Alikuwa akitumenyea machungwa chumba kizima," yule mtu alimwambia Mama. "Analibana chungwa gotini kwa ule mkono mbovu, anamenya kwa wa kushoto. Tukimwambia tukusaidie, anakataa. Anasema, kisu hichi kanchagulia mwanangu."

Nikauliza swali moja tu. Niliuliza kama ganda lilikuwa likikatika.

"Ganda?" Alishangaa. "Likikatika vipande vipande, yeye hajali. Akicheka."

Juzi nilirudi kwa yule muuzaji wa visu, baada ya harufu kunitoka. Safari hii nilikwenda na Nasoro mwenyewe. Nikamwambia, "Hebu nionyeshe mkono."

"Unataka kuntabiria?"

"Nionyeshe tu."

Ana vidole vifupi, vinene, na kile cha mwisho hakikunjiki vizuri, jambo ambalo mwaka mzima tumekaa meza moja sikuwahi kuliona. Nikamchagulia kisu kinene kidogo, chenye mpini unaojaa kiganjani.

"Mie nlikwambia chembamba," alilalamika.

"Hiki utakishika."

Muuzaji alitaka kukiweka juu ya kitambaa. Nikakichukua, nikakitia mkononi mwa Nasoro, nikamfumba vidole. Akashtuka, akasema kwao kisu hakipewi hivyo. Nikamwambia kwetu pia.

Siku hizi kisu sikiweki chini. Kabla ya kumchagulia mtu kitu chochote, naangalia mikono yake kwanza, na nikimpa, nampa mkononi.